ANAYECHUKUA MAKAA ALIPE NA MAJI

Ndugu Wafanya Kazi,

Wako mabwana wapendao kutuambia kwamba mfanya kazi hana shauri na mambo ya mito. Husema, "Ninyi daini mishahara, habari ya maji waachieni wataalamu." Sisi twajibu: maji ni sehemu ya mshahara. Mtu akilipwa shilingi kumi, kisha tatu zikaenda kwa muuza maji, amelipwa saba.

Makubaliano ya kuchimba makaa ya mawe katika bonde la Mui, Kitui, yalitiwa sahihi mwaka 2013. Tangu hapo kila yanapotajwa makaa hayo husikika neno moja: kazi. Kazi twaitaka sana. Lakini kwanza tuwatazame wenzetu waliotutangulia.

Huko Afrika ya Kusini uko mji ulioitwa Witbank. Tangu mwaka 2006 huitwa eMalahleni, maana yake mahali pa makaa. Uchimbaji mkubwa ulianza huko katika miaka ya 1890. Chini ya ardhi wachimbaji waliacha nguzo za makaa zishike dari. Baadaye matajiri wa migodi mingine wakaona hata nguzo zile ni fedha, wakaamuru zitolewe. Dari zikaanguka, ardhi ya juu ikapasuka, na maji yakateremka katika nyufa.

Mambo huenda hivi. Mgodi ukiwa kazini, pampu hutoa maji usiku na mchana, na visima vya jirani vyaweza kukauka. Mgodi ukifungwa, pampu huzimwa, na maji hurudi kujaza mashimo. Ndani ya makaa na mawe yake mna madini ya chuma na kiberiti. Yakikutana na maji na hewa hufanya asidi. Asidi huyeyusha madini mengine mwambani, na mashimo yakijaa, maji hayo makali hutoka yenyewe kwenda mtoni, mekundu kama kutu. Hayangoji amri ya mnyapara. Hutoka makumi ya miaka baada ya kampani kufunga hesabu zake. Maji ya eMalahleni huingia katika Mto Olifants, ambao hufika hadi Msumbiji.

Mwezi wa Januari 2012 maji ya asidi kutoka migodi ya makaa yaliingia katika bwawa la mji wa Carolina. Mfereji ulikuwapo nyumbani, lakini maji yake hayakufaa kunywewa. Miezi ilipita. Wananchi wakaenda kortini, na mwezi wa Julai jaji akaamuru wapewe maji safi katika muda wa saa 72. Je, matajiri walipanga foleni na ndoo? Aliyepanga foleni ni mfanya kazi na mkewe.

Watasema, "Sheria ipo." Mwaka 2009 Mkaguzi Mkuu wa Afrika ya Kusini alitoa hesabu ya migodi ya kila aina iliyotelekezwa: 5,906. Sheria itamshika nani, ikiwa mwenye mgodi amekwisha kwenda zake?

Watasema, "Maji husafishika." Ni kweli. Mwaka 2007 ulifunguliwa mtambo mkubwa eMalahleni, ukasafisha maji ya migodi mpaka yakanyweka, na halmashauri ya mji ikawa yanunua sehemu yake. Basi jambo hili lawezekana. Lililobaki ni kuuliza nani alipe, na alipe lini.

Kitui ni nchi kavu. Huko watu huchimba visima katika mchanga wa mito ili wapate ndoo moja. Kisima kile kikiharibika, hakuna mto wa pili. Kwa hiyo twadai haya kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi ya Mui:

1. Maji ya kila kisima na kila mto yapimwe, na hesabu isomwe mbele ya wananchi.

2. Fedha za kusafisha maji baada ya mgodi kufungwa ziwekwe benki kwanza, si mwisho.

3. Wafanya kazi na wenyeji wawe na wajumbe wao katika kamati ya kukagua.

Kampani ikisema masharti haya ni ghali mno, imekiri yenyewe kwamba faida yake ilikuwa itoke katika mtungi wetu. Mjadilini jambo hili katika kila tawi, na majibu yaletwe kwa Katibu.

UMOJA NI NGUVU.