Ada ya Kituo cha Watoto: Ongea Mapema, Usingoje Deni

Wateja wetu wa Isiolo, je, ada ya kituo cha kulelea watoto inaweza kupunguzwa? Sisi tunasema ndiyo, bora ujue unachoomba.

Vituo vingi vya mtaani ni vya mama mmoja anayelea watoto nyumbani kwake. Kodi, maji na makaa vinamngoja. Ukimkazia bei mpaka ashuke sana, ataongeza watoto ili aweze kulipa, na wako atakosa wa kumwangalia. Hiyo si nafuu.

Kwa hivyo usianze na "punguza tu". Omba kitu kinachomfaa yeye pia. Tuseme ada ni shilingi 100 kwa siku. Siku 26 ni 2,600. Mwambie utalipa mwezi mzima mwanzoni, uone kama atakubali 2,400. Uko na watoto wawili? Omba wa pili apunguziwe. Na wewe mama unayeuza maziwa ya ngamia, unajua ukame ukikaza maziwa hupungua. Patana sasa kwamba miezi hiyo utalipa kila wiki, kabla deni halijaingia.

Mkishakubaliana, hakikisha jina kabla ya kutuma, na usifute meseji. Siku mkibishana, hiyo ndiyo risiti yenu.

Tena tukumbuke: Katiba ya 2010 iliweka vituo vya kulelea watoto chini ya kaunti. Nafuu ya wazazi wote tuidai huko pia. Tusimbebeshe mama wa kituo peke yake.