Asiyeona ubao si mjinga

Katika madarasa yetu mengi yumo mtoto anayeitwa mvivu au mzito wa kuelewa, kumbe tatizo lake ni moja tu: haoni maandishi ya ubaoni.

Mtoto huyo halalamiki. Hajapata kuona kwa macho mengine, hivyo hudhani kwamba ukungu anaouona yeye ndio wanaouona wenzake wote. Kwa hiyo ni makosa kungoja aseme mwenyewe. Dalili zi wazi: hukunja macho anapotazama mbali, huinamia mno daftari lake, na hunakili kutoka kwa jirani, kisha akaadhibiwa kwa kuangalizia.

Hapa hapana uchawi. Kwa kawaida jicho lake limerefuka kupita kiasi, na taswira ya kitu kilicho mbali hutua mbele ya retina badala ya kutua juu yake. Hali hii aghalabu huanza katika umri wa shule na huzidi kadiri mtoto anavyokua. Miwani inayofaa humrudishia uwezo wa kuona mbali siku ile ile anapoivaa.

Kuitambua hakuhitaji mitambo. Chati ya herufi E, umbali wa mita 6 na mwalimu aliyefunzwa kupima jicho moja baada ya jingine, vyatosha kuwabaini watoto wanaopaswa kupelekwa kwa mtaalamu.

Hata hivyo, kupima ni nusu tu ya kazi. Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008 unatupa fundisho. Baada ya miezi 3, miongoni mwa wanafunzi waliopewa miwani bure, asilimia 47 walikuwa wakiivaa au walikuwa nayo shuleni. Miongoni mwa waliopewa cheti tu ili wakanunue wenyewe, walikuwa asilimia 26.

Tarakimu hizo zasema mambo mawili. Kwanza, cheti mkononi mwa mzazi asiye na fedha hakimwonyeshi mtoto ubao. Pili, hata miwani ya bure haitoshi endapo mzazi hakuelimishwa na wenzake mtoto wanamcheka.

Kuanzia mwaka 2016 Taifa letu liliondoa ada hadi kidato cha nne. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mtoto aliyefutiwa ada na haoni kinachofundishwa, bado yuko nje ya darasa.

Tunatoa wito kwa halmashauri na kamati za shule kuhakikisha kwamba kila mtoto anapimwa macho anapoandikishwa na kila mwaka baada ya hapo, na kwamba asiye na uwezo anapatiwa miwani, si cheti pekee. Walimu nao wakomeshe dhihaka darasani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huzibwa kwa miwani. Ukuta wake ni maisha ya mtu aliyeacha shule akiamini kuwa hana akili.