Tumefika Bagamoyo, lakini nani ametueleza?



Miaka michache iliyopita, pamba ikiwa imeshauzwa na watu wana chochote mfukoni, kwaya ya parokia niliyokuwa nikihudumia huku Bariadi ilinijia na ombi. Walitaka kwenda Bagamoyo. Walikuwa wamechanga kwa miezi kumi, sare zimeshonwa, basi limepatikana. Kilichobaki ni baraka ya paroko na, kama ilivyo kawaida, nyongeza kidogo kutoka mfukoni mwake. Nikatoa vyote viwili, nikapanda basi pamoja nao.

Waliowahi kusafiri na kwaya wanajua inavyokuwa. Tuliondoka alfajiri kwa Rozari. Rozari ikaisha kabla hatujafika Maswa, spika ikawashwa, na haikuzimwa tena hadi Morogoro tulikolala. Singida tulikula kuku. Dodoma wengine waliamka, wakauliza tumefika wapi, wakalala tena. Sisemi kwa kulaumu. Watu hawa hulima, huchunga, hufundisha na huuza dukani mwaka mzima. Mama mmoja wa sauti ya pili aliniambia hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka Shinyanga tangu azaliwe. Kupumzika ni haki yake, na Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba.

Kesho yake tulikuwa Bagamoyo. Tuliingia kwenye nyumba moja ya makumbusho, na humo kulikuwa na mnyororo wa watumwa ambao mgeni anaweza kuushika. Kijana wetu mmoja wa sauti ya nne, mchangamfu sana, akauvaa shingoni. Akatoa ulimi nje, akalegeza macho. Wenzake wakapiga picha huku wakicheka, na mwingine akaomba zamu yake. Paroko wao alikuwa hatua nne kutoka pale, akitafuta mahali pa kuchaji simu.

Aliyekuwa akitutembeza alikuwa mzee wa pale pale Bagamoyo, Mwislamu, amevaa kofia safi na kandambili. Hakukemea. Alisubiri kicheko kiishe, kisha akauliza, "Wanangu, nyie mmetoka wapi?"

"Bariadi, mzee. Mkoa wa Simiyu."

"Wasukuma?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hapa si ugenini. Babu zenu walikuwa wakifika hapa kabla ya mabasi."

Akatutoa nje, tukamfuata kwa miguu kuelekea baharini, taratibu kwa mwendo wake. Alitueleza habari za misafara iliyotoka bara. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, karibu kilo 30, na waliobeba pembe kubwa za ndovu waliheshimiwa kuliko wengine. Walilipwa kwa vitambaa na shanga. Lakini njia ilikuwa moja. Huyu alishuka kwa ujira wake, na yule alishuka akiwa amefungwa shingo, na wote wawili walitazama mgongo wa mtu aliye mbele yao. Hata jina la mji, alisema, lina masimulizi mawili. Mpagazi aliyefika salama alisema bwaga moyo, pumzika, safari imekwisha. Aliyefungwa alisema naubwaga moyo wangu hapa, kwa sababu mwili unavushwa kwenda Unguja. Mzee alitupa yote mawili bila kutuchagulia.

Alituonyesha mnara wa kanisa la zamani la misheni ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Livingstone alifia Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873. Waafrika waliokuwa naye, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake, wakaufunga kama mzigo na kuubeba kwa miguu zaidi ya kilometa 1,500. Miezi tisa hivi njiani. Nilikuwa nimesoma habari hiyo seminarini, lakini sikuwa nimewahi kuihesabu kwa nyayo.

Yule kijana wa mnyororo ndiye aliyeuliza swali la kwanza. "Mzee, hao Wasukuma walirudije nyumbani?"

"Kwa miguu, mwanangu. Wangerudije?"

Alipiga picha nyingine nyingi siku ile. Ila kwenye ule mnyororo hakurudi.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunamkuta Mwafrika akitoka hija. Ni yule towashi Mwethiopia, mtunza hazina wa malkia Kandake. Amekwenda Yerusalemu, umbali mkubwa sana, kwa gharama kubwa, na kwa nia njema kabisa ya kuabudu. Sasa anarudi nyumbani garini, anasoma kitabu cha nabii Isaya kwa sauti, wala haelewi anachosoma. Tusimcheke. Hija imekwisha, mji mtakatifu ameuona, hata kitabu anacho mkononi. Filipo anakimbia kando ya gari na kumuuliza kama anayaelewa hayo. Naye, mtu mkubwa wa serikali, anajibu kwa unyenyekevu kwamba hawezi kuelewa asipopata mtu wa kumwongoza.

Mara nyingi tunalihubiri somo hilo siku ya ubatizo, na tunakimbilia kwenye maji. Mimi siku hizi hukwama pale garini. Inakuwaje mtu asafiri hadi Yerusalemu, akae huko, aondoke, na wa kumweleza akakutane naye barabarani jangwani, karibu kwa bahati? Wenye dini wa Yerusalemu walikuwa wapi?

Bajeti ya safari yetu bado ninayo daftarini. Kuna mstari wa basi, wa chakula, wa malazi, wa sare na wa mpiga picha. Mstari wa mtu wa kutueleza haupo. Yule mzee tulimpata getini, na wakati wa kuagana tulimpa Sh15,000. Mpiga picha tulimlipa Sh80,000. Sikuliona jambo hilo mpaka nilipokaa kufunga hesabu na mwekahazina wa kwaya, na niliona aibu.

Ubaya ni kwamba hata hapa karibu hatufanyi vizuri zaidi. Mtu wa Bariadi akienda Mwanza hupita Lamadi, Magu, kisha Kisesa. Pale Kisesa kuna njia ya kupanda Bujora. Wangapi kati yetu, ambao tumepita pale kwenda hospitali, sokoni, chuoni na kwenye harusi, tumewahi kushuka? Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alijenga pale kanisa la duara akifuata nyumba ya Kisukuma, na pamoja na wazee wetu akakusanya vitu vya watemi, vya waganga na vya wacheza ngoma, vikahifadhiwa. Ile sikukuu ya ngoma ya Bulabo, ambako Wagika na Wagalu hushindana mwezi wa sita, ilianza na maandamano ya Ekaristi Takatifu. Bulabo ni maua, yale yaliyotupwa njiani mbele ya Sakramenti. Wazungu hufika Bujora wakiwa na kitabu mkononi na kuuliza maana ya kila ngoma. Sisi ambao ngoma ni zetu na Ekaristi ni yetu tunapita na basi, tunaangalia saa.

Si mbali na hapo, katika wilaya ile ile ya Magu, kando ya ziwa, kuna Kageye. Mimi nilijua mitaguso yote ya Kanisa, Nisea mpaka Vatikano wa Pili, kwa miaka na kwa mapapa wake, lakini Kageye nilifika nikiwa na miaka 44, tena kwa kupotea njia. Wamisionari wa Afrika walitoka Bagamoyo Juni 1878, wapagazi wakibeba mizigo yao, na Padre Pascal akafia njiani. Waliosalia walifika ziwani mwishoni mwa mwaka huo. Kutoka Kageye Padre Siméon Lourdel, kijana wa miaka 25, alivuka na Bruda Amans kwa mtumbwi, wakafika Buganda Februari 1879. Miaka saba baadaye Karoli Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo. Kila tarehe 3 Juni tunasimama katika ibada zetu na kuwataja Mashahidi wa Uganda kama watu wa mbali. Imani waliyoifia ilipita kwenye ardhi yetu ya Usukuma, juu ya vichwa vya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa.

Nikisema hivi, wapo wanaoniambia, "Baba Paroko, unataka tuwe watalii." Hapana. Na wapo wa upande wa pili wanaotaka kila safari iitwe hija, hata ya kwenda kuogelea. Tangu Jubilei ya 2025 neno hilo limetumika mpaka limechakaa. Kama mmepanga kupumzika, pumzikeni, kuleni samaki, ogeleeni, mrudi salama. Msiwaambie wanaowachangia kuwa ni hija. Mwanamke aliyeuza pamba ya nusu ekari na kukupa Sh5,000 ili umwombee kwenye mahali patakatifu anastahili kujua kama utaomba au utaogelea.

Lakini mkisema mnakwenda mahali kwa sababu ya kilichotokea hapo, basi tafuteni wa kueleza kabla ya kutafuta kitambaa cha sare. Na mkifika, shukeni. Filipo mwenyewe alipanda garini, kwa hiyo sisemi gari ni dhambi, ila ndani ya basi letu lenye spika ile hata Filipo asingesikika. Anayetembea huuliza. Akichoka husimama, na akisimama huona. Mzee wa Bagamoyo asingetueleza hata nusu ya yale kama tungekuwa tumekaa kwenye viti.

Nina neno pia kuhusu vijana wetu. Simiyu inapakana na Serengeti. Nyumbu wanapoelekea mto Grumeti kati ya mwezi wa tano na wa sita, watu huvuka bahari kuja kuwaona. Mtoto wa Itilima au Meatu anamjua tembo kama aliyemaliza mahindi ya mama yake usiku mmoja, na si kosa lake kumjua hivyo, maana hakuna aliyempeleka upande wa pili. Kutembea kwa miguu ndani ya hifadhi kunataka ruhusa na askari mwenye silaha, sawa. Lakini kazi ya kueleza haitaki bunduki. Kijana aliyekulia hapa, anayejua mti gani hutibu nini, nyayo hii ni ya nani na babu yake aliimba nini akiwinda, anashindwaje kuwa mwongoza wageni? Anashindwa kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa anachokijua ni elimu. Tuna vijana wa VIWAWA wanaoniuliza kila wiki kuhusu ajira, na tuna wazee ambao tunawazika na kila wanachokijua. Mwaka jana pekee nilizika watatu ambao ningetamani kuwasikiliza hata kwa siku moja. Nilikuwa na vikao.

Kwa hiyo mwaka huu tumeanza na kitu kidogo. Halmashauri ya walei ilikubali, baada ya kubishana sana kuhusu fedha, kwamba kwaya haiendi mbali. Inakwenda Bujora, wiki ya Ekaristi. Kosta itatuacha barabarani Kisesa, na kipande kilichobaki tutapanda kwa miguu, tukiwa na maua. Katika bajeti mstari wa kwanza ni wa mwelezaji wa pale Bujora, na wa pili ni wa mzee mmoja wa kigango chetu aliyecheza na Wagalu tangu ujana wake, ambaye miaka yote hii nilimjua tu kama baba yake katekista. Vijana wawili wamepewa kazi ya kutembea kando yake na kuandika anachosema. Mmoja wao ni yule wa sauti ya nne.

Nilikwenda kumwalika mzee nyumbani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, akakubali, kisha akataka kujua jambo moja: kwa kuwa hatutapanda gari, ni nani atakayembebea kigoda chake.