Kupungua ni kwa Mwezi, Kutorudia ni Kazi ya Nafsi

Kila unapoingia mwezi wa Shawwal husikika malalamiko yale yale majumbani mwetu. Mtu alipungua kilo mbili au tatu katika Ramadhani, na kabla ya mwezi mwingine kuandama zimekwisharudi. Huambiwa hana msimamo, naye huishia kuyaamini maneno hayo. Juma hili tunapenda kulitazama jambo hili kwa upande wa nafsi, ambao hauzungumzwi sana.

Jambo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Tulio vijijini tusidhani hayo ni ya Dar es Salaam peke yake. Hapa Mungaa pia, safari nyingi za miguu zimechukuliwa na bodaboda, na kisukari na shinikizo la damu si maneno mageni tena barazani.

Kwanza tumwondolee mtu lawama asiyostahiki. Watafiti wa Melbourne, Australia, waliwafuatilia watu 50 waliopunguza uzito kwa majuma 10, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011. Baada ya mwaka mzima, homoni zinazoamsha njaa zilikuwa bado hazijarejea katika hali ya mwanzo. Maana yake ni kwamba aliyepungua huishi na njaa kubwa kuliko aliyokuwa nayo zamani. Ari ya mwezi mmoja haitoshi kuikabili njaa ya namna hiyo. Inahitaji nafsi iliyozoezwa.

Nafsi nayo ina kumbukumbu zake. Mkoa wetu wa Singida una msimu mmoja tu wa mvua, na mvua ikikosea, ghala hukauka kabla ya mavuno. Aliyelelewa katika hali hiyo alifunzwa kula wakati chakula kipo na kutobakisha kitu sahanini. Yalikuwa mafunzo ya hekima. Leo mafuta ya alizeti yamo jikoni na sukari iko dukani, lakini nafsi bado inakula kama inayongoja kiangazi. Wengine hula kwa huzuni au upweke, wala si kwa njaa, na chai yenye sukari nyingi huwa ndiyo liwazo lao.

Kisha kuna macho ya watu. Tangu UKIMWI uingie nchini, kukonda kumekuwa kitu cha kutilia shaka. Mama aliyepungua kwa juhudi yake huulizwa msibani, “Mwenzetu, una nini? Mbona umekwisha hivyo?” Mumewe naye husemwa kuwa hamlishi. Mama huyo akarudia kula kama zamani, hakushindwa na chakula, bali na maneno.

Je, wanaofaulu hufanya nini? Nchini Marekani kuna daftari lililoanzishwa mwaka 1994, la watu waliopunguza kilo 13 na zaidi wasizirudie kwa mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao hujipima uzito angalau mara moja kwa juma, na hufanya mazoezi, hasa kutembea, karibu saa moja kila siku. Sisi Waislamu tuna jina la kujipima huko: muhasaba. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali zinazopendeza zaidi kwa Allah ni zile zinazodumu, japo ni chache.

Hata lengo halihitaji kuwa kubwa. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, uliwashughulikia watu waliokaribia kupata kisukari. Waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma, wakafundishwa kuandika wanachokula na kukabiliana na mashaka bila kukimbilia chakula. Hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 80, lengo hilo halifiki kilo 6.

Kinachowaangusha wengi ni siku moja ya kuteleza. Mtu hula kupita kiasi katika walima, akasema yote yameharibika, akaacha kabisa. Lakini aliyepitiwa na usingizi wakati wa Alfajiri haachi Adhuhuri. Hulipa, kisha huendelea. Na iwe hivyo katika chakula.

Basi tunazisihi familia mambo matatu. Mtu anayejitahidi asipikiwe chungu chake peke yake kama aliyefungiwa adhabu. Nyumba nzima ipunguze mafuta na sukari. Anayesema “imetosha” kwenye sinia asilazimishwe, iwe nyumbani au katika maulidi yetu msikitini. Na aliyepungua asiulizwe ugonjwa, bali aombewe dua. Mwenye kutumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu asibadilishe mlo wala kufunga bila kwanza kupata ushauri wa zahanati.

Tunamuomba Allah atujaalie afya ya miili na subira ya nafsi. Wabillahi tawfiq.