Muziki wa Filamu si Pambo

Wako watu wasemao kwamba muziki wa okestra katika filamu za jamaa nzima ni pambo tupu na gharama isiyo na faida. Husema kuwa mtoto hutaka kuona wanyama wasemao na watu warukao. Hajui fidla wala tarumbeta. Apewe sauti za kinanda kimoja cha umeme, atatosheka. Maneno haya yamevaa joho la busara, lakini chini ya joho hilo mna dharau mbili: dharau ya muziki na dharau ya mtoto.

Tuipime ya kwanza. Picha huonyesha uso. Moyo umo ndani. Mtu asimamaye kimya mlangoni aweza kuwa na huzuni, hofu au hila. Muziki ndio utuambiao, kabla hajafumbua kinywa. Mwaka 1982 Steven Spielberg alitoa filamu ya E.T., kisa cha mtoto na rafiki aliyetoka nyota za mbali. Mtunzi wa muziki wake, John Williams, alipata taabu kuongoza okestra iende sawa na picha za sehemu ya mwisho. Spielberg alimwambia aache kuzitazama picha, apige kama apigavyo mbele ya hadhara. Kisha akaikata filamu na kuiunga upya ifuate muziki. Nani abomoaye ukuta ili ulingane na pazia?

Dharau ya pili ni mbaya zaidi. Mwaka 1936 Sergei Prokofiev, Mrusi, aliwatungia watoto kisa cha muziki cha Petro na mbwa mwitu. Ndege alipewa filimbi, Petro akapewa ala za nyuzi, na mbwa mwitu baragumu tatu. Mtoto akiisha kuonyeshwa mara moja ala ipi ni ya nani, humtambua mbwa mwitu kabla hajatajwa. Mwaka 1946 Walt Disney alikitia kisa hicho katika filamu ya katuni. Basi nani asemaye kuwa mtoto hana masikio?

Watatokea wengine waseme kuwa hayo ni mambo ya kigeni. Fidla imekwisha kuwa mwenyeji katika taarabu ya Unguja na Mombasa. Tena katika The Lion King, filamu ya mwaka 1994 ambamo Simba na Rafiki wana majina ya Kiswahili, Hans Zimmer aliunganisha okestra na sauti za waimbaji wa Kiafrika, pamoja na Lebo M wa Afrika Kusini. Muziki huo ulipata tuzo ya Oscar.

Sikatai kwamba iko okestra ingurumayo bila kupumzika, ikachosha kama msemaji asiyejua kunyamaza. Lakini kosa la mpishi mmoja halifanyi chakula kuwa sumu.

Ewe kijana, keti siku moja mbele ya filamu njema pamoja na nyanya yako asiyejua lugha yake na mdogo wako asiyejua kusoma. Watazame wanapofuta machozi kwa wakati mmoja. Halafu uniambie kama kilichowagusa wote wawili ni pambo.