Zebaki haipotei na moshi, tope la ziwa linaitunza



Katika machimbo madogo ya Tarime na Serengeti, dhahabu huchomwa hata uani, hatua chache kutoka kwenye sufuria ya uji wa watoto. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa kwenye karasha, akakamua kwa kitambaa, kisha donge linalobaki huliweka motoni. Zebaki hutoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Ukimuonya, atakujibu kuwa moshi umeshapotea, na kwamba wazee walifanya hivyo na hawakufa.

Jibu hilo si sahihi, na shahidi wetu ni tope la chini ya ziwa.

Kila masika mito hubeba udongo. Tigithe humwaga katika Mto Mara, nao Mara hupita kwenye majaruba na mafunjo hadi Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Udongo huo hutua tabaka juu ya tabaka, mwaka hata mwaka. Wataalamu huzamisha bomba refu, wakachomoa tope bila kulivuruga, wakalikata vipande na kupima umri wa kila kipande na zebaki iliyomo. La chini ni la zamani, la juu ni la juzi. Kwa kuwa zebaki haiozi, tope huwa kama daftari la muuza duka: kila deni limeandikwa.

Huko Huancavelica nchini Peru, tope la maziwa limeonesha kuwa watu walichimba madini ya zebaki tangu yapata miaka 1400 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Maziwa mengi duniani, hata yaliyo mbali na viwanda, yanaonesha kuwa zebaki inayoanguka kutoka angani imeongezeka kama mara tatu tangu katikati ya karne ya 19. Hapa kwetu, tope lililochotwa upande wa kaskazini wa Ziwa Viktoria lilionesha zebaki ikipanda tangu miaka ya 1960, na watafiti waliihusisha na uchomaji wa misitu na mmomonyoko wa udongo. Kwa hiyo tufanye insafu: mchimbaji mdogo asibebeshwe mzigo wote. Anayechoma pori na anayelima hadi ukingoni mwa mto naye yumo.

Hata hivyo mchimbaji ana sehemu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu machimbo ya Kanda ya Ziwa ulieleza kuwa kwa kila gramu moja ya dhahabu hupotea gramu 1.2 hadi 1.5 za zebaki. Asilimia 70 hadi 80 huenda hewani, iliyobaki huingia kwenye marudio, udongo na tope la vijito.

Mvuke huo kwanza huingia mapafuni mwa anayechoma na mtoto aliye karibu, ukadhuru ubongo na figo. Ile inayofika topeni hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi inayoingia kwa samaki. Sangara mkubwa, anayekula samaki wenzake, hukusanya zaidi kuliko dagaa. Mwaka 1956 ugonjwa wa sumu hiyo ulitambuliwa Minamata, Japani. Huko wapo akina mama walioonekana wazima, lakini wakazaa watoto wenye ubongo ulioharibika.

Ndugu Muislamu, tangu madrasa tumefundishwa kuwa kukojoa katika maji yaliyotuama ni makatazo. Mwenye kuichunga adabu hiyo, vipi aone ni sawa kuosha marudio yenye zebaki mtoni, wakati jirani yake wa chini anachota maji ya kunywa na kutawadha? Maji kuwa meupe si dalili kuwa tope lake ni salama.

Basi baba, usichomee dhahabu nyumbani. Tumia chombo cha chuma kilichofunikwa, chenye bomba la kupoza mvuke, mbali na makazi. Mama mjamzito na watoto wasikaribie. Sufuria ya zebaki isirudi jikoni, na nguo za kazini zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Kwa upande wa serikali, Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mkataba huo unataka uchomaji wa dhahabu katika makazi ukomeshwe. Rai yangu ni kwamba tope la Tigithe na la Mara lipimwe mara kwa mara, na majibu yasomwe kwenye mikutano ya vijiji kwa Kiswahili. Wanaokunywa maji hayo ndio wenye haki ya kwanza ya kujua.

Tutaondoka duniani na tope litabaki. Wajukuu wetu watakapolichomoa, tabaka la zama zetu liwakute tumepunguza, Insha Allah.

Wabillahi tawfiq.