Sifuri Ndiyo Ilayo

Neno sifuri tulilipata kwa Waarabu, na Wazungu nao walilipokea huko huko wakaligeuza kwa ndimi zao. Leo, wasomaji wangu, nataka tuitazame sifuri mahali pake pabaya, katika mchezo wa kamari uitwao ruleti. Wengi wetu wa mwambao hatujapata kuketi kwenye meza yake, wala siombi mtu aketi. Lakini mchezo wenyewe umeingia katika simu, na kijana aliyejiinamia barazani huenda analizungusha gurudumu hilo. Ni haki yake ajue anazungusha nini.

Ruleti kwa Kifaransa ni gurudumu dogo. Wako wasemao lilibuniwa na Blaise Pascal, yule bingwa wa hesabu. Hayo tuwaachie wasimulizi. Lililo wazi ni kwamba mwishoni mwa karne ya 18 lilikuwa likizungushwa Paris, katika Palais-Royal, lina nambari 36 na vijumba viwili vya ziada: sifuri, na sifuri pacha. Gololi ikitua juu ya nambari yako, warudishiwa dau lako na kulipwa mara 35 juu yake. Lau nambari zingekuwa 36 basi, pasingekuwa na wa kumla mwenziwe. Lakini vijumba ni 38, na malipo yamepigwa hesabu kana kwamba sifuri hazimo. Hapo ndipo alapo mwenye meza: katika kila shilingi 100 zinazowekwa, kwa wastani yeye hubakiwa na shilingi 5 na senti 26.

Ufaransa ilifunga majumba ya kamari mwisho wa mwaka 1837. Ndugu wawili, François na Louis Blanc, wakafungua lao Homburg, Ujerumani, na mwaka 1843 wakaondoa sifuri moja. Pato likashuka hadi shilingi 2 na senti 70. Msidhani ni ukarimu. Hata muuza samaki hushusha bei akitaka kuvuta watu. Mwaka 1863 François akahamia Monaco, na gurudumu la sifuri moja likawa ndilo la Ulaya. Huko Ufaransa wakaongeza kanuni: aliyeweka dau juu ya rangi, sifuri ikianguka, hurudishiwa nusu.

Marekani wao walishikilia sifuri mbili. Zamani magurudumu yao mengine yalikuwa na picha ya tai pia, naye tai alimlia mwenye meza! Tangu mwaka 2016 Las Vegas kuna magurudumu ya sifuri tatu, na pato limepanda hadi shilingi 7 na senti 69. Malipo ni yale yale 35.

Na wenyeji wa Monaco? Mwaka 1869 walisamehewa kodi kwa neema ya gurudumu hilo, lakini sheria yao yawakataza wao wenyewe kucheza. Mpishi gani huyu asiyeonja chungu chake?

Mchezaji hudhani gololi ina zamu. Tarehe 18 Agosti 1913, huko Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Watu walimimina fedha juu ya nyekundu wakiamini haki yake imefika, wakaliwa wote. Gololi haikumbuki ilipolala jana.

Tulipokuwa chuoni tulifasiriwa kuwa maisir ni neno la ukoo mmoja na wepesi, mali ipatikanayo bila jasho. Waarabu wa Jahiliya walipigia kura nyama ya ngamia kwa mishale, na aghalabu mshindi aliwagawia maskini. Hata hiyo, iliyokuwa na maskini wa kushiba, ilikatazwa. Ruleti yamshibisha nani?

Mezani angalau mtu alingoja dau zikusanywe na washindi walipwe. Kwenye simu hakuna kungoja; gurudumu lageuka kwa nukta chache, usiku kucha, na kila mgeuko sifuri yamega kipande chake. Mimi ningependa lisiwepo kabisa. Lakini maadamu serikali yatoa leseni, basi iwalazimishe wenye leseni kuandika juu ya kioo cha simu, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kabla kijana hajabonyeza: gurudumu hili lina sifuri ngapi, na katika kila shilingi 100 yako sisi twala ngapi.